Mlango wa Bluu wa Pikapu Yetu

Baba Neema, mume wangu,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu kama ni mzima, na hapo ndipo nilipokwama tangu Jumapili. Naandika, nafuta, nachana. Leo nimeamua kuruka salamu, tuongee tu kama zamani, mimi kwenye cherehani na wewe mlangoni na viatu vyako vya tope, nakufokea usiingie navyo, na unaingia navyo.

Nimemaliza pikapu yako. Usicheke. Iko hapa mezani, ya kijani kama ile, na bodi lake la mbao nyuma, na mlango mmoja wa bluu. Ni ndefu kidogo tu kuliko kiatu chako. Nimeitengeneza mwenyewe kwa bati.

Ngoja nikueleze ilikoanzia. Mdogo wako Gwakisa alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa sebuleni, wakanywa chai mpaka birika likakauka, ndipo akafungua mdomo. Neema wetu amepata mchumba, mwalimu, kijana wa watu wa Iringa, na kwao wanataka kuleta mahari. Lakini wazee wanasema mahari ya binti haipokelewi wakati baba yake hajulikani kama yuko juu ya ardhi au chini yake. Harusi haipiti juu ya msiba ulioachwa wazi. "Shemeji," akasema, "tutafute kitu chake kimoja, tukizike kule nyumbani kwenye migomba, mchungaji aombe. Mtoto aolewe." Akalitazama koti lako pale msumarini.

Nikamwambia koti nalivaa mimi. Baridi hii ya Mbeya, unataka mzike wawili?

Halafu mdomo wangu huu, unaujua, ukanitangulia. Nikasema nitawapa pikapu. Wakatazamana, maana pikapu yenyewe Gwakisa aliiuza skrepa kule kule Iringa ilipotolewa mtoni. Nikasema nitaitengeneza ndogo, yenye kila kitu, na kabla haijakamilika hakuna mtu wa kuzika chochote. Walikubali, nadhani waliona huzuni imenipanda kichwani. Kumbe nilikuwa nawapiga chenga. Sisi mafundi cherehani ndiyo kazi yetu: njoo Jumamosi, bado vifungo. Njoo Jumatano, umeme ulikatika.

Sikutaka uzikwe, Baba Neema. Na sababu yangu ilikuwa ule mlango.

Unakumbuka ulivyoupata? Lori lilikugonga ubavuni pale Makambako, upande wa abiria, ukanunua mlango wa gari lililokufa, ukanijia na mlango wa bluu kwenye gari la kijani. Nikakuuliza utaupaka rangi lini, ukasema kesho. Tena kitasa cha ndani hakikuwepo kabisa, unafunguka kwa nje tu. Basi kila tulikofika ilibidi ushuke, uzunguke mbele, unifungulie. Wanawake wa mtaa wetu huu wa Soweto walishika viuno: "Mama Neema, wewe uliolewa au ulitawazwa?" Hadi kanisani mchungaji akakutolea mfano wa mume anayemheshimu mkewe, na wewe ukainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mwongo mkubwa wewe! Hukumwambia mtu kwamba ni kitasa. Nami sikusema. Nilikaa tu pale ndani nikisubiri, nakuona unapita mbele ya kioo, mkono umeupitisha juu ya boneti. Nilizipenda zile hatua zako chache kuliko nilivyowahi kukwambia.

Siku ile pia ulinifungulia, nje ya nyumba ya mama, Kalenga. Mama alikuwa anaumwa mguu, nikabaki kumuuguza, na wewe ulikuwa unaendelea Idodi kufuata mpunga. Niliposhuka ukaubamiza mlango mara mbili, maana mara moja ulikuwa hautii. "Kesho mchana nakupitia," ukasema. "Mwambie mama ulanzi wangu asimpe mtu." Mama akacheka huko ndani, akasema huyu Mnyakyusa pombe yetu ameijua kuliko sisi wenye mianzi. Upande wa milima mawingu yalikuwa meusi. Kwetu haikudondoka hata tone.

Mvua ilinyesha juu, maji yakateremka. Pikapu waliikuta mbali, chini kabisa ya pale barabara inapokata mto, imelalia ubavu kwenye mchanga, imepinda nzima kama nguo iliyokamuliwa. Wewe hukuwemo. Walitafuta kingo zote mbili mpaka maji yakapungua, hawakupata hata kiatu. Gwakisa alinieleza yote huku analia, na katikati ya maneno akasema mlango wa dereva ulikuwa umefungwa, na ule wa bluu ulikuwa wazi.

Nilimkamata shati. Nikamwambia, mlango usiofunguka kwa ndani umefunguliwa na nani? Kuna mkono umeufungua kwa nje, na kule porini ungekuwa mkono wa nani kama si wake? Alishuka, akafunga mlango wake, akazunguka, akafungua wa upande wangu, pengine achukue tochi. Alikuwa amesimama kwa miguu yake! Gwakisa akasema, "Shemeji, ni maji." Nikamjibu maji hayana mikono.

Basi tangu siku hiyo nimeishi ndani ya huo mlango. Nimekuona stendi, kisogo chako kabisa, nikakimbia na pini mdomoni, mtu akageuka akanipa shikamoo. Nimekuona sokoni Mwanjelwa unachagua nyanya, wewe uliyekuwa hujui bei ya nyanya. Na asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala, naisikia pikapu inapanda kilima. Inabadilisha gia pale kwenye kona, inakohoa, inaendelea. Natoka na kanga, naondoa ndoo njiani usizigonge, nafungua geti. Ukungu mtupu. Lakini nakuapia, ukungu wenyewe unanuka mafuta yaliyoungua. Zamani Neema alikuwa ananifuata ananiuliza, "Mama, nani?" Siku hizi haulizi. Ananishika mkono ananirudisha ndani, na hilo linaniuma kuliko ukungu.

Usidhani nilikuwa naogopa. Nilichoogopa ni siku ambayo sitaisikia.

Kazi ya bati niliianza kwa uongo, ila mikono haijui uongo, ikishika kitu inataka kifanane. Nilichukua ile picha ya ubatizo wa Neema, umeegemea gari na shati lako jeupe. Gari sikuwahi kulipima maishani mwangu, lakini wewe nimekupima. Nani mwingine alikushonea suruali? Kutoka kiunoni hadi kisigino nakujua kwa inchi, kwa hiyo nikajua mlango ulikufika wapi, na boneti, na tairi. Kila futi ya gari nikaipa inchi moja ya bati. Nikakata vipande vya karatasi kwanza kama ninavyokata gauni, nikavipanga mezani, na nikajikuta nakupima wewe upya, mguu, bega, mkono ulioukunja, mtu ambaye hata sanduku la kuzikiwa sikuwahi kumchagulia.

Bati lilitoka kwenye debe la mafuta ya kula. Jirani yetu anayetengeneza majiko aliniazima mkasi wake, akanifundisha kulehemu, nikaungua vidole vyote. Vioo ni ile plastiki ngumu ya boksi la shati. Matairi ni kandambili. Viti nimevivalisha kitambaa kile kile cha pazia nilichokushonea viti vyako, kipande chake kilikuwa chini ya mapande mengine kinanisubiri. Gwakisa akija, "Shemeji, bado?" Bado taa. Akija tena, nimebandua boneti naanza upya, eti imekaa vibaya. Haikuwa imekaa vibaya.

Siku moja Neema alikaa mbele yangu, akaiangalia ile boneti iliyobanduliwa. "Mama, mimi nitasubiri," akasema. "Ila niambie tunasubiri nini." Nikamwambia anipe uzi. Sikuwa na haja ya uzi.

Mlango wa bluu niliuacha mwisho kwa makusudi. Nilitaka uwe ushahidi wangu. Niliutengeneza vile vile ulivyokuwa: ulimi mdogo wa bati unaoingia kwenye tundu la nguzo ya mlango, kitasa nje, na ndani hakuna kitu. Nilipanga Gwakisa akija nimwambie, haya, tia kidole ndani ufungue. Na maji yako yaje yafungue.

Alhamisi mchana nilikuwa natia ekseli ya nyuma. Ilibana. Nikashika pua ya gari kwa mkono huu na mkia kwa mkono huu, nikapindua kidogo ili ekseli ipite.

Mlango wa bluu ukafunguka.

Hakuna aliyeugusa. Nikaufunga, nikaubonyeza mpaka ulimi ukaingia vizuri. Nikapindua tena. Tak, wazi. Nikajaribu wa dereva, wala haukutikisika, ndiyo kwanza unazidi kubanwa. Ni nguzo inayokwenda kando, Baba Neema. Gari likipinda, kama mto ulivyoipinda ile yako, nguzo inakwenda kando, ulimi unatoka kwenye tundu lake, basi. Hakuhitajiki mkono. Nilifanya hivyo mpaka bati likaanza kuchoka, na kila mara ulifunguka.

Kwa hiyo hukushuka. Hukuzunguka. Ulikuwa ndani wakati wote niliokuwa nakuona umesimama ukingoni, na maji yalikutoa kwa upande wangu, kwenye kiti changu, kwa mlango ulionifungia wewe mwenyewe mchana ule. Nilipiga yowe ambalo sikulipiga siku ya kwanza.

Ningeweza kunyamaza. Tone moja la risasi ya kulehemia pale kwenye ulimi, mlango ungekaza, na duniani asingejua mtu. Mkono wangu ulikwenda hadi kwenye chuma cha kulehemu. Neema ndiye aliyeingia, yowe limemleta, ameacha pasi inaunguza nguo. Nikamwonyesha. Nikapindua, ukafunguka. Aliufunga kwa kidole, taratibu, kisha akakaa chini sakafuni akalaza kichwa mapajani mwangu, mtu mzima wa kuolewa, na tukakaa hivyo mpaka moshi wa pasi ukatufukuza.

Jioni ile nilimpigia Gwakisa nikamwambia pikapu imekamilika. Akasema, "Pole, shemeji," na mimi nikamwambia anisamehe ile siku ya shati.

Ijumaa asubuhi niliisikia tena ikipanda kilima. Nilidhani nikishajua haitakuja, kumbe inakuja vile vile. Nililala na macho wazi, nimeshika ukingo wa godoro, ikapita nje ya ukuta wetu, ikaenda zake. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kutoinuka pale kitandani.

Jumamosi hii tunakwenda kwenu. Shimo wamechimba dogo, Gwakisa anasema, kwenye migomba upande wa baba yako. Mchungaji ameweka masharti yake: yeye anamwombea mtu, bati hataliombea, atalitazama tu. Sawa, atazame. Watu wa kijana watakuja mwezi unaofuata, Gwakisa atakaa mahali pako, na mama ameahidi kuja kutoka Kalenga na mguu wake huo, eti lazima amkague mkwe. Neema ana shingo yako, nadhani hujui, ulimwacha bado mwembamba. Akinyoosha kichwa kunisikiliza huwa nalazimika kuangalia kwingine.

Nataka hili ulisikie kwangu kabla hujalisikia makaburini. Sikukuchoka. Watu watasema nimechoka, au nimemhurumia mtoto, na mtoto nimemhurumia kweli. Lakini kama ule mlango ungekataa kufunguka, Baba Neema, ningekusubiri mpaka na mimi wanichimbie. Nakupenda kwa hasira, kama nilivyokupenda siku zote. Sasa lala. Usihangaike tena kurudi, sisi tutakuja huko mmoja mmoja.

Mjane wako,
Mama Neema