Baba Aliuliza Habari za Tope

Ntobeye, Ngara

Mdogo wangu Adelfina,

Huku mvua imenyesha vizuri na maharage yametoa maua. Barua yako kuhusu tope la chini ya bahari mnalolichunguza huko chuoni nilimsomea Baba mara tatu. Alipenda kusikia kwamba tabaka jeupe ni maganda ya mimea midogo iitwayo dayatomu, iliyostawi miaka ambayo upepo ulipandisha maji baridi yenye chakula, na kwamba tabaka jeusi ni udongo wa miaka ya mvua nyingi.

"Kwa hiyo binti yangu anajua mwaka gani bahari ilishiba?"

"Anajua, Baba. Hata wa maelfu ya miaka iliyopita."

Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile hakikuisha. Akanikataza kukwambia: "Ataacha mtihani aje kunitazama." Nilimtii.

Jumapili ulipopiga simu nilisema amelala. Adelfina, tulikuwa tumemzika jana yake, kando ya Mama. Ukaniambia, "Msalimie akiamka." Nikajibu, "Sawa."

Kwa simu nimeshindwa kabisa. Njoo unigombeze hapahapa nyumbani.

Kaka yako,
Gozbert