Kiraka cha Boti ya Babu

Mwanangu, Baba,

Hujambo huko shuleni Rongai? Sisi hapa Kihoto tuko sawa, mtoto ameanza kuota meno. Umeuliza kwa nini hatufuniki kile kiraka cha kahawia kwenye boti ya marehemu babu yako, baba yangu, huyo uliyepewa jina lake.

Nilikuwa rika lako. Boti iligonga nguzo ya fensi iliyomezwa na ziwa, ikapasuka. Babu akanunua jelikoti, ile rangi nzito ya boti za faiba. Nikaitia matone ya kahawia mpaka ikafanana na boti kabisa.

"Hapo sawa, Mama," akasema, maana mimi nina jina la mamake. Akatia dawa ya kukausha, tukapaka.

Kesho yake tukaosha boti. Kumbe tulifananisha na matope! Boti nyeupe, kiraka rangi ya chai.

Babu akacheka mpaka akakaa chini. "Wacha tu, Mama. Nikiwa mbali ziwani utanijua."

Na kweli nilimjua hivyo miaka yote. Hata sasa mjomba wako akirudi nayo jioni, naona kiraka, nainuka kumwekea Babu chai, halafu nakumbuka.

Ukifunga shule nitakufundisha kuchanganya rangi, tuzibe ule ufa mpya. Tutaosha boti kwanza. Lakini kiraka chake tukiache.

Ni mimi mamako, na binti yako pia.