Mke Wangu Alitengeneza Handbreki, Sifa Nikazichukua Mimi

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa aibu, unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni mkulima wa majani chai karibu na Litein, na pikapu yangu ilikaa mwaka mzima bila handbreki, nikawa naweka jiwe kwenye tairi kila nikisimama, mpaka mwezi jana pale kituo cha kuuzia majani jiwe likateleza na gari likaanza kushuka mteremko binti yetu Nelvine akiwa ndani, na kama michai haingelizuia sijui leo ningekuwa naandika nini.

Mtoto hakuumia. Mke wangu Chepngeno alimkumbatia, kisha akaniambia, "Baba Nelvine, kesho naitengeneza hiyo handbreki mwenyewe." Nikacheka, nikisahau kwamba alikua akimsaidia babake aliyekuwa makanika wa matrekta. Kesho yake akaliweka gari mahali palipo sawa, akazuia matairi ya mbele kwa mawe huku na huku, akaliinua kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi za chuma alizoazima, maana alisema haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Akafungua matairi ya nyuma, akanionyesha waya ulioganda kwa kutu na breki zilizolika hadi chuma. Akanituma nikanunue mpya, akazifunga, akakaza kidogo kidogo huku akizungusha tairi kwa mkono, mpaka likawa linazunguka bila kukwama handbreki ikiwa chini, na kushika kabisa ikivutwa. Tulilijaribu kwenye mteremko wa kanisani, likasimama tuli. Mshauri, nilimtazama mikono yake myeusi kwa grisi, nikaona nimeoa mtu wa maana sana.

Lakini Jumapili baada ya ibada wanaume wakauliza ni fundi gani, nikajikuta nimesema, "Ni mimi." Chepngeno alisikia. Sasa jirani yetu Momanyi, anayebeba wachuma chai kwa gari lake, analileta Jumamosi nimtengenezee, na nilipomwomba Chepngeno anifundishe upesi upesi alisema tu, "Si wewe ndiye fundi? Mtengenezee." Nifanye nini?

Kipruto, Litein

Kipruto, pole kwa hofu ya siku ile, na umshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Sasa nikugombeze. Mwaka mzima ulitegemea jiwe, mama huyu akamaliza shida kwa siku moja, na bado ukaona sifa ni zako? Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili yake tu. Mtu anayetafuta stendi kabla ya kushika spana anajua uhai ni nini.

Huyo mke hakukomoi. Ameumia. Umemsifu kwangu, mtu usiyemjua hata sura, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hajayasikia.

Gari la Momanyi usiliguse. Handbreki ya kubahatisha itaua wachuma chai ambao hawana habari na uongo wako. Leo hii mwombe Chepngeno msamaha, usiweke "lakini" ndani yake, na umwambie yale uliyoniandikia. Ukitoka hapo nenda kwa Momanyi umweleze ukweli, na Jumapili urudie mbele ya wanaume wale wale. Watakucheka, waache wacheke.

Kulitengeneza gari la jirani ni hiari ya Chepngeno. Akikubali, kaa karibu umpe spana anazotaka, na mpita njia akiuliza fundi ni nani, wewe ndiye umjibu, kwa sauti, kwamba ni mkeo, kabla hajainua kichwa.