Alitosha "U", Akaweka "Ni"

Lubumbashi, ku Annexe

Mama yangu mupenzi,

Mulilala namna gani? Magulu inawaachia kidogo, ao ingali inavimba kila mara munatoka ku shamba? Na baba, kukohoa kwake? Siye huku tuko, Mungu asifiwe kwa ile anatuachia. Batoto bako bazima. Jérôme anasoma siku mwalimu anakuja, na mwalimu anakuja siku amekula. Mudogo wake ameota meno, anauma bantu. Miye mwili iko muzima, lakini leo moyo yangu iko na kichefuchefu, na haiko ju ya chakula.

Katekista alinifikia juzi na samaki ya Lualaba mulituma. Aksanti mingi, mama, tulikula mpaka mifupa. Kisha akanipatia maneno yenu. Alisema ndugu mukubwa ya Faustin alikuja pale nyumbani na mbuzi. Alisema Kabalo nzima inasikia wimbo ya Faustin ku radio, na ninyi munasema mwanaume mwenye kulia vile mbele ya inchi ameisha kutubu, basi nirudie ku bwana yangu. Mbuzi imefungwa ku kiwanja, munangojea tu baba mudogo arudie ju muichinje.

Mama, ninawaomba, musichinje. Tunajua bote: mbuzi ikiisha kuchinjwa, mafuta ikifika ku midomo ya bakubwa, maneno imekwisha. Hata nilie namna gani, niko bibi ya Faustin tena. Njo maana ninaandika mbio. Katekista anangojea treni, na treni ya siku hizi hakuna muntu anajua kama itatoka, hata shefu ya gare mwenyewe hajui.

Sasa musikilize ile radio haisemi.

Faustin munamujua wakati angali fundi ya umeme ku mine ya shaba, na gitare ilikuwa ya siku ya Mungu tu. Kisha kampuni ikaanza kulipa mwezi moja na kuruka mbili, kisha ikaacha kabisa. Kisha basoda na bunduki bakavunja maduka, na raia nyuma yao bakamalizia. Bantu banasema: inchi imekufa, njo maana anakunywa. Aka! Inchi imekufa kwa Faustin peke yake? Bwana ya jirani yangu alifukuzwa ku kazi siku moja na yeye. Leo analima maharagi hapa ku Annexe, mikono imejaa malengelenge, na ku mangaribi anarudia ku bibi yake. Faustin yeye alijua tu njia ya kwenda kwa Mama Poto, ule mwanamuke wa mutaa ya Kenya hapa Lubumbashi, anapika lutuku, ile pombe kali, nyuma ya nyumba mu pipa ya mafuta. Mwanzo ilikuwa kikombe, kisha chupa, kisha asubui mbele ya chai.

Feza ilipoisha, bintu ikaanza kutoka mu nyumba. Radio ilienda. Mbabula ilienda na makala ya moto ingali ndani, ninaapa. Bikwembe, bile bitenge mulinipatia siku ya ndoa, nilikutana nabyo ku soko, byangu, mwanamuke mwingine anabikatia bei. Na siku moja ninarudia na sombe, majani ya muhogo, ku kichwa, ninakuta nyumba haina mulango. Mulango, mama! Batoto bamekaa ndani sawa kuku, na baba yao iko ku kivuli, anacheka peke yake.

Pale njo maneno ilinitoka. Sikuitafuta. Sombe ingali ku kichwa, nikamuimbia na ile sauti ya kuvuta, sawa vile siye bamama tunalilia muntu pa kilio:

*Unakunywa mulango, unakunywa kitanda,*
*kesho utakunywa batoto.*
*Tazama mu chupa, Faustin:*
*ule muntu mudogo ku chini njo weye,*
*na bado unamukunywa.*

Majirani bote balisikia. Kisha nikachukua batoto, nikakuja huku Annexe kwa mama mumoja wa shirika yetu ya kanisa. Alinipatia chumba na kipande ya shamba, na njo mahali munanitumia barua mpaka leo.

Basi siku moja niko nakata sombe, radio ya jirani inaimba. Gitare ya polepole, ile ya kuingia mu mifupa. Kisha ninasikia sauti, na ile sauti nililala nayo miaka:

*Ninakunywa mulango, ninakunywa kitanda,*
*kesho nitakunywa batoto...*

Kisu ikanikata kidole. Mama, hakuongeza kitu, hakupunguza kitu. Alitosha tu "u", aliiondoa, akaweka "ni" mahali yake. Ile yote bantu banaita kutubu, ile yote ninyi munalilia pale Kabalo, ni ka "ni" kamoja tu. Banasema Faustin amejitazama mwenyewe. Amejitazama wapi? Miye njo nilimutazama! Yeye alikuwa ku kivuli, anacheka.

Na mutege masikio pale gitare inapanda. Munajua banamuziki banatupa libanga, banaita jina ya muntu mukubwa katikati ya wimbo ju awafurahishe na feza. Faustin anaimba, "Nisaidieni, lutuku inaniua," anavuta pumuzi, kisha anapandisha sauti: "Mama Poto wa Kenya, mama ya bantu bote!" Mwenye pipa mwenyewe! Muntu analia sumu na anasalimia mwenye kuipika. Ju ya ile salamu kikombe yake haikauki, na bantu banacheza tu, hakuna hata mumoja anacheka.

Bamama ya shirika bananishika mikono misa ikiisha. "Mama Jérôme, bwana yako ameungama mbele ya inchi nzima, unangojea nini tena?" Siye bakatolika tunajua kuungama. Unapiga magoti, unasema polepole, kisha unaenda kurudisha ile uliiba. Faustin aliungama na mikrofoni, na mulango haijarudi.

Ningeishia hapa, lakini kungali kitu, na ninasikia haya kuiandika. Nilienda kumuona. Alituma mupiga gitare yake, Donat, aniambie nifike ku Kenya pale banafanya repetisyo ya nyimbo yao, tusikilizane ju ya batoto. Nikajiambia, labda. Wimbo muzuri vile, labda imeisha kumuingia na yeye. Niliazima kikwembe, nikajipakaa mafuta sawa bibi-arusi. Mujinga wenu huyu.

Alinikumbatia, ananuka. Mukononi kikombe ya chai, na ndani hakuna chai. Bakaanza kupiga. Alifunga macho, akaimba, machozi ikashuka, na ilikuwa machozi ya kweli, sitamusemea uongo. Bantu mu kiwanja bakasogea karibu. Miye nikamutazama, nikaelewa: analia kweli, lakini anajililia mwenyewe. Hakuniuliza hata kama mudogo ameota meno.

Basi nikasimama. Nikaimba juu ya sauti yake, na ile sauti yangu ya kilio, maneno sawa vile ilitoka siku ile. Unakunywa mulango. Unakunywa kitanda. Na "u", mama, na kidole nikimunyooshea mbele ya uso. Donat akaacha gitare. Mupiga ngoma akatazama chini. Nikafikiri, sasa itamupata. Anipige akitaka, lakini imupate.

Faustin akafungua macho. Ilikuwa inang'aa. Akaanza kupiga mukono ku paja, ta, ta, ta, anatafuta mwendo yangu.

"Rudilia!" akasema. "Donat, unasikia? Hii njo ilikuwa inakosekana! Mwanamuke anashitaki, mwanaume anajibu! Régine, ingia pale pa kitanda, kisha miye ninakujibu. Hii itafika mpaka Kinshasa!"

"Faustin," nikamuambia, "niko nasema na weye."

"Ndiyo, ndiyo, sema vile vile! Na ile hasira, usiipunguze!"

Mama, nilitema mate chini. Donat alinisindikiza mpaka ku njia, akaniomba musamaha. Yeye haya ilimushika. Mwenye kosa haikumufikia hata ku kisigino. Nilirudia na miguu mpaka nyumbani.

Musifikiri ninamuchukia ju ya lutuku. Lutuku inakamata muntu sawa ugonjwa, na nimeona benye kupona. Kama angekuja hapa ku shamba ananuka vile vile, bila gitare, akasema, "Régine, nimepotea, sijui nifanye nini," pengine ningemupatia kiti. Munanijua, moyo yangu iko laini. Lakini ule muntu, hata ukimutemea ukweli mu uso, anaupanguza na kuuliza kama unaweza kuuzishwa.

Na ile mbuzi, mulijiuliza ilitoka wapi? Ndugu yake tangu lini anafuga? Ilitoka mu ile wimbo. Mukiikula, munakula maneno yangu, na chumvi ju yake. Muifungue kamba, muirudishe mbele ya mashahidi, na mumuambie ndugu yake kwamba mutoto yenu anakataa na akili yake yote. Na kama muliisha kuichinja, basi baba mudogo ndiye aolewe na Faustin. Miye siko mu ile nyama.

Munisalimie baba, asiache kunywa ile dawa ya majani. Munisalimie mudogo wangu mwanamuke, kama angali anataka kuolewa na mwanamuziki mumuonyeshe hii barua. Nkambo mwanamuke, ule muzee wetu, mumushike mikono mbili kwa ajili yangu. Na mama mukwe pia, mukikutana ku misa, munisalimie. Yeye alizaa tu, hakupika lutuku.

Neno ya mwisho. Wakati ile wimbo itatoka ku radio, musiifunge. Iko muzuri, mama, na njo kitu inanichukiza kupita yote: hata miye ninajikuta naiimba ku shamba na jembe mukononi. Muiache iimbe. Lakini kila pahali Faustin anasema "ni", ninyi muimbe "u". Muimbe bote, baba, mudogo, majirani, kwa nguvu, mpaka ndugu yake asikie kule ng'ambo ya njia.

Mutoto yenu mwenye kuwapenda,

Régine