Marufuku ya Vigelegele Yafutwa Baada ya Radi Kutwaa Kombe

CHAMA CHA MICHEZO CHA KANISA LA TUMAINI, BROOKLYN CENTER
Kumbukumbu za kikao cha tano kilichofanyika Jumapili, 6 Aprili 2025, katika ukumbi wa chini wa kanisa, baada ya ibada

WALIOHUDHURIA
Bw. Harrison Ombati – Mwenyekiti
Bi. Kemunto Nyaboke – Katibu
Mama Euphrasie – Mwakilishi wa akina mama na kiongozi wa kwaya
Ndugu Nshuti – Kocha wa timu ya Radi
Akina mama wa kwaya – hawakualikwa, walikuja

ASIYEHUDHURIA
Bw. Ken – Mweka Hazina. Yuko zamu Burnsville. Alipiga simu kuuliza kama kombe liko mezani. Liko mezani.

KUMB. NA. 1/5/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana na kuwapongeza vijana wa Radi kwa kutwaa kombe la mpira wa Kimarekani wa ndani jana, 40 kwa 38. Makofi yalikataa kuisha. Mwenyekiti aliongeza kwamba ushindi huu ni wa kila mtu, "including hii kamati." Mama Euphrasie alikohoa.

KUMB. NA. 2/5/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Mama Euphrasie alikataa kumbukumbu hizo zithibitishwe maadamu bado zina azimio la Mwenyekiti kwamba akina mama wasipige vigelegele uwanjani.

Katibu aliombwa akumbushe kisa chenyewe. Katika mchezo wa kwanza, kila Heri, mtoto wa Mama Euphrasie na mrushaji wetu, alipoinama kuita mpira, akina mama walimshangilia kwa nguvu zao zote. Ukumbi wa mchezo una paa, sauti haina pa kwenda. Wenzake hawakumsikia, wakachomoka kabla ya mpira kutoka, mwamuzi akaturudisha nyuma yadi tano, tena na tena, hadi tukafungwa. Mwenyekiti alisema siku ile, "Hii si harusi, wamama, mmetu-cost game." Azimio likapita. Akina mama wakabaki nyumbani, na Radi ikafungwa mara mbili zaidi mbele ya viti vitupu kabla ya kujikokota hadi fainali.

Mama Euphrasie alisema, "Mutoto wangu banamutupa ku ukuta, donc miye mama yake ninyamaze kama niko ku kilio?" Suala liliahirishwa hadi Na. 5.

KUMB. NA. 3/5/2025: MAELEZO YA MCHEZO KWA WANAOANZA
Kocha alirudia, kwa faida ya ambao hawakuhudhuria, somo alilowapa akina mama mwezi uliopita humu humu ukumbini, kwa kutumia viti vya kwaya kama wachezaji. Uwanja wa ndani ni kama nusu ya ule wa nje. Pembeni hakuna mstari wa kutokea, kuna ukuta wenye godoro, na ukisukumwa unakutana nao. Timu yenye mpira ina nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikishindwa, mpira ni wa wenzao. Kando ya magoli kuna nyavu, na mpira uliorushwa ukigonga wavu ukarudi, bado uko hai mpaka uguse chini.

Kuhusu kelele, Kocha aliwaambia akina mama kwamba mrushaji ni kama anayetoa sauti ya kuanzia wimbo: hakuna anayeimba juu yake. Wetu wakiwa na mpira, kimya. Wapinzani wakiwa nao, waimbiwe mpaka wasisikiane. Mama Euphrasie alisema hilo angelielewa siku ya kwanza kama mtu angemweleza badala ya kumfukuza.

Mwenyekiti alipoulizwa kwa nini hakuhudhuria somo, alieleza kwamba football anaielewa, ana-watch kila Sunday. Ile ya kwenye televisheni yake ni ya nje.

KUMB. NA. 4/5/2025: TAARIFA YA FAINALI
Kocha alieleza kwamba akina mama waliingia ukumbini pamoja, kwa ombi lake na bila kuiuliza kamati, Mama Euphrasie akasimama mbele yao kama mbele ya kwaya. Mkono chini, hata pumzi haikusikika. Mkono juu, wapinzani walichomoka kabla ya wakati mara nyingi hata kocha wao akatupa kofia.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, tulikuwa nyuma 34 kwa 38, nafasi ya nne, karibu kabisa na goli. Mkono wa Mama Euphrasie ulikuwa chini. Katika kimya hicho ilisikika sauti moja: "Twende Heri!" Vijana walichomoka. Yadi tano nyuma.

Wajumbe walitaka kujua ni nani aliyepiga kelele. Mwenyekiti aliomba jambo hilo lisiandikwe. Wajumbe waliomba liandikwe. Alikuwa Mwenyekiti.

Nafasi ikarudiwa, Heri akarusha. Mpira ulipita juu ya vidole vya wote, ukagonga wavu. Mwenyekiti alishika kichwa na kukaa chini. Mkono wa Mama Euphrasie ulibaki chini. Alijua mpira bado uko hai. Ukarudi, mdakaji wetu Habiyaremye akaudaka ndani ya goli akiwa amelala ukutani, pointi sita, na hapo mkono ukapanda. Katibu ni muuguzi na amesikia watu wakipiga kelele za kila namna, lakini zile hajawahi kuzisikia, na alilia.

KUMB. NA. 5/5/2025: AZIMIO
Mwenyekiti alisimama, akasema, "Mama Euphrasie, nilikukosea. Pole sana," na yeye mwenyewe akapendekeza marufuku ifutwe. Ilifutwa kwa kauli moja. Kocha alipendekeza nyongeza kwamba kuanzia msimu ujao Mwenyekiti aketi safu ya mbele, chini ya mkono wa Mama Euphrasie. Ilipita pia. Kumbukumbu zilizopita zikathibitishwa.

KUFUNGA
Saa 10:05 jioni Mwenyekiti alitaka kufunga kikao, akamtazama kwanza Mama Euphrasie. Mkono ulikuwa chini. Akasubiri. Ulipopanda, kikao kilifungwa kwa vigelegele, na vya Mwenyekiti vikiwemo.

Katibu: Kemunto Nyaboke (saini)
Mwenyekiti: H. Ombati (saini), kwa ruhusa ya Mama Euphrasie