Mot Si Kiziwi

Gethin na mkeo Heather,

Supu ya liki iko jikoni, ipasheni. Nimeenda kufagia kanisa, na Mot nimeondoka naye.

Yule mtu anayekuja kesho kumchukua mbwa mwambieni asije. Leo asubuhi kondoo wa jirani waliingia bustanini wakaanza kutafuna kabichi. Nikamwamuru Mot kwa Kiwelshi, kama marehemu baba yako alivyozoea. Aliwazunguka wote kumi na wanne, akawatoa getini bila kubweka. Mwezi mzima mnamfokea kwa Kiingereza, kisha mnasema mbwa kazeeka, hasikii! Nawe Gethin, lugha ya baba yako umeitupa wapi?

~~Heather, nimekusamehe kwa kutaka kumtoa Mot.~~ Heather, jioni kaa tayari nikufundishe kumwita kwa Kiwelshi. Mungu ni mwema, mbwa haendi popote.

Mama