Mzio: Hana

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Hamjambo huko? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Anayekuletea barua hii ni mke wangu. Tafadhali usimfungie mlango kwa ugomvi wetu sisi.

Unajua ni mimi niliyeandika programu ya hospitali mliyompeleka Mama. Humo rekodi zimepangwa kama ukoo: baba wa wote ni Mgonjwa, naye ana watoto wawili: wa Nje, anayetibiwa kliniki na kurudi nyumbani, na wa Kulazwa. Mtu wa Nje akilazwa, huwezi kumgeuza hivi hivi. Mashine inakataa katakata, ndugu hageuki kuwa ndugu yake. Inabidi umuumbe upya upande wa pili, umnakilie habari zake. Kazi hiyo nilipewa mimi, na nilivyojigamba, weee! Nikanakili vyote walivyorithi kwa baba: jina, umri, kundi la damu. Mkuu wetu akanipongeza mbele ya watu.

Mzio wa dawa haukuwa kwa baba. Tuliuweka kwa wa Nje, maana kliniki ndio waliouomba kwanza, na ukabaki hukohuko. Na upande wa Kulazwa pakiwa patupu, skrini inaandika "Hana".

Kaka, Mama hapatani kabisa na penisilini. Mwaka jana kliniki walimchoma sindano moja tu, akavimba ulimi, pumzi ikakatika. Alinisihi nisikwambie, eti una presha. Sasa amelazwa, kesho asubuhi wanampasua. Mke wangu amepiga simu wodini. Muuguzi akamsomea kwa upole kilichoandikwa: hana. Akasema wao wanafuata mashine, kama kuna la kuongeza, aje aliyemtilia saini mgonjwa. Aliyetia saini ni wewe.

Utauliza kwa nini sijaja. Nimeshikiliwa kituo cha polisi tangu jana. Wiki mbili zilizopita fundi viatu mmoja alifia wodini baada ya sindano ya penisilini, nikafungua rekodi yake nikaona kosa langu. Nilimwambia Mkuu, akasema tusubiri kwanza mfumo uzinduliwe rasmi. Nikasubiri, kaka. Niliogopa kufukuzwa kazi, nikanyamaza, na mtu nimemuua. Nina aibu hata ya kukuomba msamaha.

Ukimaliza mstari huu ondoka uende hospitali, wauandike mzio wa Mama kwa kalamu kwenye karatasi ya kitandani. Wabusu watoto. Na Mama msalimie, kabla hawajamlaza usingizi.

Ni mimi, mdogo wako.